Mahari ya Karatasi

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwenye ofisi yetu ya uhasibu, hapa shuleni Arua, wote huniuliza swali lile lile wakifungua kabati la chuma na kukuta vitabu vya hundi vimelala humo. Bado vina kazi? Nawajibu bila kuinua macho kwamba havina. Ada inaingia kwa simu, mishahara ya walimu inaingia benki yenyewe, hata mwenye kuni na mwenye maharage wanataka watumiwe kwenye namba, na simu ikichelewa kulia wanapiga kelele utadhani wameibiwa. Kitabu cha mwisho tulichoagiza hakijatumika hata nusu. Kule benki, kwenye dirisha la hundi siku hizi kiti kimepinduliwa juu ya kaunta, na mlinzi anaegesha hapo chupa yake ya chai.

Mimi mwenyewe sizililii hundi. Nimeandika hundi mpaka kidole kikaota sugu. Nimemfuata mwalimu mkuu msibani, sokoni na hospitalini, nikimwomba sahihi ya pili kwa sauti ya chini ili waombolezaji wasinisikie. Nimerudishiwa hundi kwa sababu herufi moja imeruka kwenye jina la mwenye mahindi. Simu imenipunguzia mbio, na kwa umri wangu mbio yoyote inayopungua ni neema. Hayo ndiyo ninayowaambia vijana, na ni kweli. Ila iko hundi moja ambayo huwa siwaambii, iliyotundikwa miaka yote hiyo ukutani kwa baba yangu, Adumi, ndani ya fremu yenye kioo.

Ilikuwa mahari yangu. Ng'ombe na mbuzi walikuja kwa miguu yao, nao walikuwa wa mama na wa wajomba. Sehemu ya baba, ile inayofunga ndoa yenyewe, ilikuja kwa hundi.

Mume wangu ni mtu wa Dranya, Koboko, Mkakwa. Sisi ni Walugbara. Wazee wa pande mbili hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo ndoa yetu ilijadiliwa kwa Kiswahili, kile cha kambini na sokoni ambacho kila mtu anakivunja apendavyo na hakuna anayeona haya. Wakati ule mume wangu alikuwa ameajiriwa na shirika la kuhudumia wakimbizi. Alikuwa na akaunti, alikuwa na kalamu kwenye mfuko wa shati, na barabara ya kutoka Koboko ilikuwa na wanyang'anyi. Hakuna ndugu yake aliyetaka kubeba mfuko wa noti njia nzima. Basi wakaja na karatasi.

Mshenga wao aliiweka kwenye sahani, akaifunika kwa kitambaa, akapiga magoti mbele ya baba. Baba zangu wadogo wakafunua, wakainua sahani na kuangalia chini yake.

"Pesa iko wapi?" mmoja akauliza.

"Pesa ndiyo hii. Iko ndani," mshenga akajibu.

Ikapita mkono kwa mkono. Kila mzee aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma, akatafuta picha ya mtu mkubwa au ya mnyama, asione. Ilipofika kwa shangazi zangu, mmoja wao akachoka kusubiri, akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimefungiwa kanga kichwani, na niliposikia sauti zile nikajua nimeolewa.

Hundi ile ilichorwa mistari miwili pembeni, maana yake isingelipwa mkononi. Ilitakiwa iingie kwenye akaunti ya baba, na baba hakuwa na akaunti. Alipanga kufungua. Alikwenda hata kupiga picha ndogo, amevaa koti la kaka yake, akaomba barua ya mwenyekiti wa kijiji. Halafu mvua zikaanza, halafu mihogo ikataka kupaliliwa, halafu siku moja nikamkuta anarudi kutoka Arua na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa ameipeleka kwa fundi wa fremu.

Nilikuwa nimeshaanza kusoma uhasibu, kwa hiyo nilijiona najua. Nikamwambia, "Baba, hundi ikipita miezi sita inakufa."

"Inakufa namna gani? Hii iko mandazi?" Baba alihudumu jeshini ujana wake, na akitaka kufunga mjadala huwa anaacha Kilugbara na kuvaa Kiswahili. "Ng'ombe watu waliona. Pesa mimi nikikula, kesho nani ataona? Hii, kila mutu akiingia hapa, anaona ya kwamba mutoto yangu aliolewa."

Akapigilia msumari, akaitundika kati ya kalenda ya parokia na picha ya mama. Wageni walipokuja aliwaonyesha. Mume wangu naye alipokuja kusalimia aliiona pale, akacheka, akasema mkwe wake ni tajiri asiyekula. Alimwambia mara nyingi kwamba akitaka atamwandikia nyingine. Baba alikuwa anaitikia tu na kumsukumia kiti.

Ndoa yenyewe haikuvunjika kwa kishindo. Mume wangu alipata kazi ng'ambo, Sudan Kusini, akawa anakuja mara moja moja, na baadaye akaja na mwanamke mwingine na watoto wake, akawajengea jirani na nyumba yangu. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinisahau tu, na mimi nilikaa nikisubiri akumbuke mpaka nikaona najidhalilisha. Nikamchukua binti yetu, nikaenda Arua, nikapata kazi hii ya shule. Binti nimemlea kwenye vyumba vya kupanga. Sasa yuko Gulu, anasomea uuguzi.

Nimehama nyumba mara nyingi kiasi kwamba siku hizi situndiki mapazia. Mwenye nyumba mmoja alitaka chumba kwa ajili ya mwanawe, mwingine akapandisha kodi, mwingine akauza. Kila mara ni kufunga masufuria, kukodi pikipiki ya magurudumu matatu, na kuanza kuwajua majirani wapya. Nilichoka. Nilitaka vyumba viwili tu Adumi, kwenye kiwanja cha baba, karibu na kaburi la mama, mahali ambapo hakuna atakayekuja kuniambia nitoke. Nikaweka akiba ya saruji, nikachoma matofali kabisa. Halafu nikaenda kumwomba baba anionyeshe mahali.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua kidole, akaelekeza ukutani.

"Wewe iko bibi ya watu. Mimi nitajengea bibi ya watu hapa namna gani? Kesho ukikufa watakuja na gari, watachukua maiti. Nyumba itabaki ya nani? Kama kitu yao iko kwangu, wewe iko yao."

"Basi irudishe, baba."

Akaniuliza kama nimekula.

Kwetu kurudisha mahari ndiko kuvunja ndoa. Unaweza kuishi mbali na mume mpaka nywele zikawa nyeupe, lakini mahari ikiwa bado nyumbani kwenu, wewe ni mke wa watu, na utazikwa kwao. Baba alilijua hilo, na ndiyo maana hakutaka kuigusa. Alikuwa bado anategemea siku moja nitapatana na mwenzangu. Mimi nilikuwa nataka kurudi nyumbani, na kati yangu na nyumbani ilikuwapo karatasi ambayo nisingeipokea hata kama mzazi angeileta ofisini kwangu kulipa ada.

Mdogo wangu wa kiume alinicheka. Yeye anafanya biashara ya kutuma na kupokea pesa kwa simu pale Vurra, mpakani, na madereva wa malori ndio wateja wake. Kwake yeye hakuna jambo lisilomalizika kwenye simu.

"Dada, hii iko kazi yako mwenyewe," akasema. "Pesa ile ile iliyoandikwa kwenye cheki, tuma kwake sasa hivi. Umerudisha. Baba abaki na picha yake."

Nilijiona mjinga kwa kutolifikiria mwenyewe. Ikatumwa akiba yangu ya saruji yote. Simu ikalia kuthibitisha, tukaangaliana, mdogo wangu akanipa mkono wa pongezi. Chai haijapoa, simu ikalia tena. Pesa imerudi. Halafu mume wangu akapiga.

"Hii ni ya nini?"

"Ni mahari. Tunarudisha."

Nikasikia anavuta pumzi. "Unaniacha kwa simu? Kama mutu ananunua bando?"

"Si pesa ni ile ile?"

"Niko peke yangu hapa ndani ya gari. Nani ameona? Nikiwaambia wazee, watasema nimekula pesa ya bibi kimyakimya. Kama mnarudisha, mjue mahali mlichukua, mlete mbele ya wazee."

Akakata. Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Simu ililia mfukoni mwa mtu mmoja, basi. Siku ya kuolewa kwangu nyumba nzima ilikuwepo.

Mdogo wangu hakukata tamaa. Siku iliyofuata akaja na hesabu nyingine. Hundi haikwenda benki, sivyo? Hakuna hata shilingi iliyotoka kwenye akaunti ya mume, sivyo? Basi baba hakulipwa. Kama hakulipwa, sikuolewa. Kama sikuolewa, hakuna cha kurudisha, nijenge kesho asubuhi. Kwa siku kadhaa nililipenda wazo hilo, maana kwa taaluma yangu halina kosa. Hundi isiyowasilishwa siyo malipo, mhasibu yeyote atakuambia. Nikampigia binti yangu Gulu nimsimulie, nikiwa nacheka. Yeye hakucheka.

"Mama, kama hukuolewa, mimi ni nani kule Dranya?"

Nikaacha kucheka.

"Wakisikia cheki ilikuwa bure, watasema mimi ni mtoto wa nje. Siku ya kuolewa kwangu nani atasimama?"

Nilikuwa karibu kununua vyumba viwili kwa jina la mwanangu. Hundi ile haikuweza kuwa bure. Ilibidi iwe ilikuwa mahari kweli kweli tangu siku ile ya kigelegele, na ilibidi irudi ilikotoka, mbele ya watu, kwa mikono. Mimi niliyekuwa nawaambia vijana kwamba karatasi zile hazina kazi, sikuwa na njia nyingine isipokuwa karatasi.

Jumapili nikaenda Adumi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini nilipoketi yote yakaniishia.

"Baba, nimechoka," nikasema.

"Umechoka na mimi?"

"Nimechoka na kuhama."

Akaniangalia kwa muda mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba nami nimezeeka. Aliinuka, akashika ukuta, akaitoa fremu kwenye msumari mwenyewe, akaifuta vumbi kwa pindo la shati. Tukaigeuza ili tutoe karatasi. Unyevu wa miaka yote ulikuwa umeigandisha kwenye kioo. Nilipovuta pembe moja, wino ukaanza kubaki kwenye kioo na karatasi ikaja nyeupe. Baba akanipiga kofi mkononi kama nina miaka mitano. Ikabidi iende hivyo hivyo, na fremu yake.

Tulikodi gari dogo, mimi, baba na mdogo wangu. Baba alivaa koti, akapakata fremu magotini, kioo kikiwa kimeelekea tumboni mwake. Mdogo wangu alijaribu kumchekesha mara mbili, akaacha.

Dranya walikuwa wametutayarishia viti barazani. Mshenga wa zamani alishakufa, kwa hiyo aliyetupokea alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mzee mrefu ambaye sasa hivi ndiye sauti ya ukoo. Mume wangu alikuwa ameketi pembeni, amenyoa ndevu, anaangalia viatu vyake. Tulisalimiana vizuri. Hatukuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililofanya kila kitu kiwe kizito zaidi.

Baba akaigeuza fremu. Wakasogea kuangalia. Mpwa mmoja wa mume wangu, kijana mwenye duka la simu Koboko mjini, akainama, akasoma tarehe, akacheka kwa nguvu.

"Lakini hii imeisha muda zamani! Hawarudishi kitu hapa. Watoe pesa."

Ndugu wawili watatu wakaanza kutikisa vichwa kumuunga mkono. Yule mzee akanigeukia.

"Mama, wewe unafanya kazi ya pesa. Hii, benki itatoa kitu?"

Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba sitadanganya. "Hapana, baba. Haitatoa."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto hajaota meno."

Kijana akapiga makofi kwa ushindi. Mzee hakumjali. Akamwita mume wangu asogee.

"Hii iko mkono yako?"

"Ni yangu."

"Siku ile ulitupatia tupeleke, pesa ilikuwa ndani?"

"Ilikuwa. Nilikuwa nimeuza mpaka redio."

Watu wakacheka kidogo, naye akacheka, kisha akarudi kuangalia viatu. Sikuwahi kujua habari ya redio. Tumeishi pamoja miaka, na hilo nilikuja kulisikia siku tunaachana.

Mzee akaikuna shingo. Nilijua kwamba kila nilichonacho kiko kwenye mdomo wake: vyumba viwili, kaburi langu, jina la mwanangu. Mdogo wangu alikuwa ameshashika simu yake mkononi, tayari kutuma chochote kwa yeyote.

"Sisi tulipeleka karatasi," mzee akasema hatimaye. "Wao walipokea karatasi, wakatoa mutoto. Hapana mutu alisema iko bure. Sasa wanarudisha ile ile. Mutu anarudisha kitu alipewa, hapana kitu ingine." Akamtazama yule kijana mpaka akaondoka barazani. "Na ng'ombe hapana rudi. Ile iko ya musichana yetu, ule iko Gulu. Siku ya ndoa yake, mimi kama niko hai nitasimama."

Nilitaka kulia kwa shukrani, nikajizuia. Mzee akanyanyuka, akanyoosha mikono yote miwili kuipokea fremu. Baba naye akanyanyuka, akaitoa mbele. Mzee akaishika.

Baba hakuachia.

Walisimama hivyo, wazee wawili, kila mmoja ameshika upande wake, na fremu ikitetemeka kati yao. Nilidhani ni udhaifu wa mwili, kisha nikaona uso wa baba, nikajua siyo. Midomo yake ilikuwa inatafuta Kiswahili, isikipate. Mume wangu aligeuza uso. Nikasogea, nikashika mkono wa baba, nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikimwambia kwa Kilugbara, taratibu, basi baba, basi, inatosha. Vilikuwa vigumu na vya baridi. Kidole cha mwisho kilipotoka, mzee akaichukua fremu, akampa mume wangu, naye akaingia nayo ndani.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa kutaka kulala palepale barazani.

"Leteni wageni chakula," mzee akaita kuelekea jikoni.

Nikainuka, kwa mazoea. Katika boma lile, neno hilo likiitwa, mimi ndiye niliyekuwa nainama mlangoni mwa jiko na kupakua. Mke wa shemeji yangu, tuliyesaga naye mtama jiwe moja miaka ile, alikuwa ameshatoka na maji ya kunawa. Akanizuia kwa upole, akanirudisha kwenye kiti, akanipigia goti, akanimiminia maji mikononi. Hajawahi kunipigia goti maisha yake yote. "Karibu, mgeni," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu.

Wakaleta kuku wa simsim, ule ufuta wa kusaga, na ugali wa muhogo. Baba alikula kidogo. Mdogo wangu alikula kwa adabu. Nami nikamega, nikachovya, nikaonja. Mchuzi haukuwa na chumvi. Nilijua chumvi inakaa wapi katika jiko lile, kwenye kopo la maziwa, nyuma ya chungu kikubwa, upande wa kushoto unapoingia. Nikaendelea kula.